Potali ya ofisi: SharePoint, Google Workspace, Liferay au Nextcloud?

Mfanyakazi wa tawi la Mbeya anataka likizo ya siku kumi. Fomu iko kwenye kundi la WhatsApp, ilitumwa mwaka juzi. Anaipakua, anaichapisha, mkuu wa tawi anasaini, inapigwa picha, inatumwa makao makuu kwa barua pepe. Huko yupo mtu mmoja anayejaza siku zilizobaki kwenye jedwali la Excel, na yeye peke yake ndiye anayejua jedwali hilo liko folda gani. Akiugua, likizo za ofisi nzima zinasimama.

Potali ya kazi ipo ili kuondoa mzunguko huo. Ni mlango mmoja: mfanyakazi anaingia kwa akaunti moja, anakuta nyaraka, fomu, matangazo na njia ya kufikia mishahara, hesabu na manunuzi. Watumishi wa umma wa Tanzania wanaufahamu mlango wa aina hii kupitia ESS, mfumo wao wa kujihudumia mtandaoni, ambako mtu hujaza ombi la uhamisho akiwa kituoni kwake bila kupanda basi kwenda Dodoma. Ndiyo maana jina "tovuti ya ndani" halitoshi. Tovuti husomwa, potali hufanyiwa kazi. Ile ambayo watu huifungua kusoma salamu za mkurugenzi tu haimalizi mwaka kabla ya kusahaulika.

Ofisi nyingi zinazotafuta potali leo hukwama kati ya njia nne. SharePoint Online iko ndani ya Microsoft 365. Google Sites hufanya kazi pamoja na Drive na Forms ndani ya Google Workspace. Liferay ni mfumo wa potali hasa, umejengwa kwa Java, na una toleo huria na toleo la kulipia. Nextcloud ni programu huria ya faili na ushirikiano unayoiweka kwenye seva yako mwenyewe. Zote ni nzuri, na kila moja ina mahali inapoumiza.

Vigezo kwanza

Kabla ya kufungua ukurasa wa bei, waketisheni pamoja watu wa rasilimali watu, uhasibu, masijala na matawi, mwandike kazi kumi ambazo wafanyakazi huzifanya mara kwa mara na huzipata kwa taabu: likizo, hati ya mshahara, masurufu ya safari, ombi la vifaa, sera ya matibabu, namba za simu za ndani, taarifa ya mwezi ya tawi. Orodha hiyo ndiyo mizani. Mfumo unaomudu saba kati ya kazi hizo vizuri una thamani kuliko wenye sifa mia mbili ambazo hakuna aliyeziomba.

Hapa njia zote nne zimepimwa kwa mambo sita: namna ya kuingia na kutoka kwa wafanyakazi, nyaraka na ruhusa zake, ombi linalohitaji idhini (mfano wetu ni likizo), kuungana na mifumo mingine, hali ya intaneti, na gharama pamoja na mtu wa kuutunza. Hilo la mwisho ndilo linaloua potali nyingi, na ndilo linaloulizwa mwisho.

Kuingia, na hasa kutoka

Kumpa mtu akaunti ni rahisi kwote. Mtihani ni siku anapoacha kazi.

Kwenye Microsoft 365, akaunti iliyofutwa inaweza kurejeshwa ndani ya siku 30, na faili zake za OneDrive, yaani hifadhi yake binafsi, hubaki kwa muda huohuo usipobadilisha mpangilio. Alichoweka kwenye maktaba ya SharePoint ni cha idara, hakiondoki naye. Google hukupa siku 20 za kurejesha akaunti iliyofutwa. Hatari yake ni kwamba faili zilizo kwenye "My Drive" ya mfanyakazi ni mali ya akaunti yake, na akaunti ikifutwa kabla ya kuhamisha umiliki, faili zinaondoka nayo. Vitu vya ofisi viwekwe kwenye hifadhi ya pamoja tangu siku ya kwanza, kwa sababu huko mmiliki ni taasisi.

Nextcloud haina huruma hapo: ukimfuta mtumiaji, faili zake binafsi zinafutwa pia. Utaratibu sahihi ni kuizima akaunti, kuhamisha faili zake kwa mtu mwingine, ndipo uifute. Liferay hukuzuia kidogo, kwa kuwa humtaka msimamizi aizime akaunti kwanza kabla ya kuifuta, na maudhui yaliyowekwa kwenye ukurasa wa idara hubaki.

Kama tayari mna Active Directory ofisini, yaani daftari la Microsoft la akaunti za wafanyakazi, Liferay na Nextcloud zote huweza kusoma watumiaji kutoka humo kwa LDAP, lugha ya kusomea madaftari ya aina hiyo. Nywila inabaki moja, na akaunti ikizimwa pale, milango mingine inafungwa nayo.

Nyaraka na ruhusa

Ofisi za zamani zilikuwa na masijala ya wazi na masijala ya siri, kila moja na mlango wake, na karani alijua nani anaruhusiwa kuchukua jalada gani. Potali nyingi hupoteza nidhamu hiyo mwezi wa kwanza. Mtu anashiriki faili moja kwa mtu mmoja, mwingine anafungua folda kwa kiungo, na baada ya miezi sita hakuna anayeweza kusema ni nani anayeona mikataba ya ajira.

SharePoint ina ruhusa za kina mno, na hapo ndipo mtego ulipo. Tovuti, maktaba, folda na faili moja moja, kila kimoja kinaweza kuwa na ruhusa zake. Usifanye hivyo. Toa ruhusa kwa vikundi, katika ngazi ya tovuti au maktaba, na nyaraka zenye usiri tofauti zipate maktaba yake. Kisha mwambie msimamizi abadilishe kiungo cha kushiriki kinachojitokeza chenyewe, kiwe "watu maalumu" badala ya "yeyote mwenye kiungo". Mpangilio huo mmoja huzuia aibu nyingi.

Yapo mambo mengine mawili yanayowakuta watu wa SharePoint bila kujiandaa. Anwani nzima ya faili, pamoja na majina ya folda zote, haiwezi kuzidi herufi 400. Folda ya "Idara ya Utawala na Rasilimali Watu" ndani ya "Kumbukumbu za Vikao vya Menejimenti" ndani ya nyingine tano hufika huko upesi, na faili hukataa kupakiwa au kusawazishwa. La pili ni kikomo cha vitu 5,000 kwa mwonekano mmoja wa orodha. Maktaba yenyewe inabeba mamilioni, lakini ukichuja kwa safu isiyo na faharasa (index) baada ya kuvuka 5,000 utakutana na kosa. Weka faharasa kwenye safu za tarehe, idara na hali wakati orodha bado ni ndogo.

Kwa Google, ruhusa ni nyepesi kueleweka, na utafutaji wa Drive ni hodari: mtu akiandika maneno mawili ya ndani ya hati, inatokea. Lakini elewa jambo moja mapema. Ruhusa ya ukurasa wa Google Sites na ruhusa ya faili iliyopachikwa ndani yake ni vitu viwili. Ofisi nzima inaweza kuuona ukurasa wa "Sera zetu" huku mahali pa hati pakiwa na ujumbe wa kuomba kibali. Kila siku ya uzinduzi msimamizi hupokea maombi kama hayo kwa makumi. Dawa ni kuweka nyaraka zote za ukurasa huo kwenye folda moja ambayo kikundi cha wafanyakazi wote kina haki ya kuisoma, kisha kuujaribu ukurasa kwa akaunti ya mfanyakazi wa kawaida. Kuujaribu kwa akaunti ya msimamizi hakukuonyeshi chochote.

Liferay imejengwa kwa taasisi zenye ngazi: shirika, tawi, idara, kikundi, wadhifa. Mkuu wa kanda anaweza kuona matawi yake manne na asione ya mwenzake, bila mtu kuketi na kupanga faili moja moja. Kwa taasisi ya watu elfu mbili ni nafuu kubwa. Kwa ofisi ya watu ishirini na watano ni nyumba ya vyumba arobaini kwa familia ya watu watatu.

Nextcloud hutumia folda za vikundi, na zinatosha kwa ofisi nyingi. Faili zilizofutwa hukaa kwenye pipa siku 30 kwa mpangilio wa kawaida. Matoleo ya zamani ya hati huhifadhiwa pia, lakini nafasi ikianza kubana mfumo huanza kuyapunguza, kwa hiyo usiyachukulie kuwa nakala rudufu.

Ombi la likizo, hatua kwa hatua

*SharePoint.* Tengeneza orodha ya "Maombi ya Likizo" yenye safu za aina ya likizo, tarehe ya kuanza, tarehe ya kurudi, anayekaimu na hali ya ombi. Kwenye mipangilio ya juu ya orodha, chagua kila mtu asome maombi aliyoandika mwenyewe tu. Usipofanya hivyo, ofisi nzima itasoma nani yuko likizo ya ugonjwa. Kisha jenga mtiririko kwenye Power Automate, chombo cha Microsoft cha kuendesha hatua za kazi zenyewe: ombi likiingia, tafuta jina la msimamizi wa mwombaji (bosi wake), mtumie ombi aliidhinishe, subiri jibu, badilisha hali, mjulishe mwombaji na rasilimali watu.

Huharibika sehemu tatu. Jina la msimamizi husomwa kutoka kwenye wasifu wa mfanyakazi, na katika ofisi nyingi sehemu hiyo iko wazi, hivyo mtiririko unakufa hatua ya pili. Zijazeni zote kabla ya kuanza. Pili, mtiririko mmoja hauishi zaidi ya siku 30. Bosi akiwa safarini na asijibu, ombi linaisha muda kimyakimya. Wekeni ukumbusho wa siku ya tatu na ya saba, na siku ya kumi ombi lihamie kwa anayekaimu. Tatu, mtiririko hutumia akaunti ya aliyeujenga. Kijana wa TEHAMA akihamia kazi nyingine na akaunti yake ikazimwa, likizo zinasimama kama zamani. Ujengeni kwa akaunti ya huduma inayomilikiwa na ofisi.

*Google.* Fomu ya Google Forms huingiza majibu kwenye jedwali la Sheets, na programu fupi ya Apps Script humpelekea msimamizi barua pepe yenye viungo vya kukubali na kukataa. Fundi mzuri huimaliza kwa siku mbili. AppSheet nayo hutoa programu ya simu bila kuandika msimbo mwingi. Ubaya ni ule wa mmiliki: kianzishio cha Apps Script ni cha aliyekiweka, akisimamishwa nacho kinasimama. Na kuna kosa linalofanywa na watu makini kabisa: kuficha safu ya "sababu ya ugonjwa" kwenye jedwali lililoshirikiwa. Safu iliyofichwa bado inaonekana kwa anayeamua kuifichua au kunakili jedwali. Taarifa za afya zikae kwenye jedwali la peke yake, lenye watu wawili tu.

*Liferay.* Tangu toleo la 7.4 msimamizi anaweza kuunda kitu kinachoitwa "Ombi la Likizo" kwenye sehemu ya Objects, akaongeza sehemu za kujaza, akakiwasha na kukiweka kwenye ukurasa bila kuandika Java. Utaratibu wa mwidhinishaji mmoja unakuja tayari. Ukitaka ngazi mbili, mkuu wa idara kisha rasilimali watu, unabadilisha ramani ya utaratibu, na hapo ni vyema awepo mtu anayeujua mfumo. Kati ya zote nne, hapa ndipo ombi linapokaa kwa uimara zaidi likishajengwa, kwa sababu halitegemei akaunti ya mtu.

*Nextcloud.* Fomu zipo, majedwali yapo, na ipo programu-jalizi ya kuidhinisha faili kwa alama. Ombi la ngazi moja linawezekana: mtu anajaza hati, anaiweka kwenye folda, msimamizi anaidhinisha. Lakini hesabu ya siku zilizobaki, ukumbusho na kuhamisha ombi kwa anayekaimu utavijenga kwa shida au utavikosa. Mahitaji yenu makubwa yakiwa maombi na idhini, Nextcloud peke yake haitawatosha.

Kuungana na mishahara na hesabu

Hapa ndipo potali zilipoanzia. Kiwango cha Java cha kuweka vijidirisha vya mifumo tofauti kwenye ukurasa mmoja kilitoka mwaka 2003, kikaboreshwa 2008, na Liferay ilikua ndani ya fikra hiyo: ukurasa mmoja unaoonyesha mshahara kutoka mfumo huu, ankara kutoka ule, na likizo kutoka wa tatu. Bado ndiyo nguvu yake. SharePoint nayo huunganika na mengi kupitia Power Automate, ila viunganishi kadhaa, kikiwemo cha hifadhidata ya SQL Server, vinahitaji leseni ya ziada. Ulizeni kabla ya kusaini.

Google Sites na Nextcloud huweza kupachika ukurasa wa mfumo mwingine ndani ya ukurasa wao. Mara nyingi utaona kisanduku cheupe, kwa kuwa mifumo mingi ya fedha hukataa kufunguliwa ndani ya ukurasa mwingine kwa sababu za usalama. Si kosa lako, wala usimwombe muuzaji auondoe ulinzi huo. Weka kitufe chenye kiungo, na uunganishe akaunti ili mtu asiandike nywila mara ya pili. Kwa ofisi nyingi za watu chini ya mia tatu, kitufe hicho kinatosha kabisa, na fedha za kuunganisha kwa undani zinafaa kwenda kwenye mafunzo.

Intaneti ikiyumba

Jumapili ya 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Afrika Mashariki ikakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua, Tanzania ikiwa kati ya walioumia sana. Kwa ofisi zilizoweka kila kitu kwenye wingu, Jumatatu yake ilikuwa ya kungoja. Nextcloud au Liferay iliyo kwenye seva ya jengo lenu huendelea kufanya kazi kwa waliomo humo hata kebo ikikatika. Lakini matawi nayo hufika kwenye seva hiyo kwa intaneti, na umeme ukikatika makao makuu, wa mikoani wanakosa kila kitu wakati wao taa zinawaka. Seva ya ofisini bila UPS (betri ya akiba) inayoizima kwa utaratibu ni hifadhidata inayosubiri kuharibika.

Kwa siku za kawaida zenye mtandao mzito, Google ndiyo nyepesi zaidi kwenye simu ya kawaida. Hati zinaweza kuwekwa zisomeke bila mtandao. Kurasa za SharePoint ni nzito kidogo kwa bando dogo. Njia nzuri ni kusawazisha maktaba ya idara kwenye kompyuta kwa OneDrive, mtu afanye kazi na mabadiliko yapande mtandao ukirudi. Microsoft yenyewe hushauri usisawazishe zaidi ya faili 300,000 kwa jumla. Ukizidi hapo kompyuta inapooza. Wafanyakazi wengi hawajui kwamba wanaweza kuchagua folda mbili tu, wakabofya maktaba nzima na bando la mwezi likaisha kabla ya saa sita mchana.

Gharama na mtunzaji

SharePoint na Google hulipiwa kwa kila mtu kwa kila mwezi, kwa dola. Zidisha kwa idadi ya watu, kwa miezi 12, ongeza kodi, na acha nafasi ya kupanda kwa dola. Mipango ya biashara ndogo kwa pande zote mbili ina kikomo cha watu 300. Wa 301 anakupeleka kwenye mpango mkubwa wenye bei nyingine. Walinzi, wauguzi, madereva na watu wa ghala hawahitaji leseni kamili, na Microsoft ina leseni nyepesi za F1 na F3 kwa ajili yao. Asasi zisizo za kiserikali zinazokidhi masharti hupata Google Workspace bila malipo, na Microsoft hutoa Business Basic bila malipo kwa hadi watu 300. Anzeni hapo kabla ya kufikiria kununua seva.

Liferay huria na Nextcloud hazina ada ya leseni, na maneno hayo yamewaponza wengi. Mnalipa seva, nakala rudufu, umeme, na mtu. Kwa Liferay usianze na chini ya GB 8 za RAM. 16 hukupa usingizi, hasa hifadhidata na utafutaji vikiwa kwenye mashine hiyohiyo. Ikipakuliwa huja na hifadhidata ndogo ya majaribio iitwayo Hypersonic na injini ya utafutaji ya kujaribia. Wengi huonyesha mfumo kwa mkurugenzi ukiwa hivyo, mkurugenzi anafurahi, watu wanaanza kuutumia, na baada ya wiki chache data inapotea. Unganisha hifadhidata ya PostgreSQL au MySQL kupitia faili la portal-ext.properties kabla ya mtu wa kwanza kuingia, na injini ya utafutaji, Elasticsearch, iwe ya kujitegemea. Nakala rudufu ni ya vitu viwili kwa wakati mmoja: hifadhidata na folda ya document_library. Ukirejesha kimoja bila kingine, hati zitaonekana kwa majina na hazitafunguka. Utafutaji ukirudi mtupu baada ya kurejesha, jenga upya faharasa kwenye paneli ya udhibiti, hakuna kilichopotea.

Kwa Nextcloud, kazi za nyuma ziendeshwe na cron, kipanga ratiba cha seva, kila dakika 5, kumbukumbu ya PHP iwe angalau MB 512, na usiruke toleo kuu wakati wa kusasisha: kutoka 28 unakwenda 29, ndipo 30. Kila toleo hupata marekebisho kwa takriban mwaka mmoja, kwa hiyo aliyelala miaka miwili hujikuta anapanda ngazi nyingi kwa siku moja. Nakala rudufu ni folda ya config, folda ya data na hifadhidata, mfumo ukiwa kwenye hali ya matengenezo. Kama seva haifikiki kutoka nje, cheti cha bure cha usalama wa tovuti cha Let's Encrypt hakitapatikana kwa njia ya poti 80. Thibitisha kwa DNS. Cheti hicho huisha kila siku 90, na kisipojihuisha chenyewe utaamshwa na simu za matawi yote.

Usasishaji si hiari kwa seva yako mwenyewe. Mwaka 2020 lilitangazwa pengo la usalama la CVE-2020-7961 kwenye Liferay za kabla ya 7.2.1, lililomwezesha mtu wa nje kuendesha amri kwenye seva bila hata kuingia. Julai 2025 zilishambuliwa SharePoint zilizowekwa kwenye seva za ofisi. Zile za mtandaoni hazikuguswa. Na kama bado mnatumia SharePoint Server 2016 au 2019, kikomo cha msaada wake ni 14 Julai 2026.

Sheria nayo ina neno. Kenya na Uganda zina sheria za data za mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 chini ya Tume yake, na Rwanda, kwa sheria ya 2021, inataka data ihifadhiwe ndani ya nchi isipokuwa kwa kibali. Jalada la mfanyakazi likipanda kwenye wingu la nje, mwanasheria wenu awe ameshasoma vifungu vya kusafirisha taarifa.

Kwa hali yako

Ofisi ya watu 10 hadi 60, haina fundi wa kudumu, wengi wanatumia simu: Google Workspace. Mtaanza kazi ndani ya wiki. Kubalini kwamba utaratibu wa idhini utakuwa wa kawaida tu.

Watu 60 hadi 300 wanaoishi kwenye Word, Excel na Outlook, wenye sera nyingi na idhini za ngazi mbili: SharePoint Online, mradi kuna mtu mmoja aliyepewa kazi ya kusimamia ruhusa na mitiririko, na imeandikwa kwenye majukumu yake. Ikiwa mnatumia Teams, faili za vikundi vyenu tayari ziko SharePoint. Mnachokosa ni mpangilio.

Chuo, benki, halmashauri au shirika lenye matawi mengi, mifumo mitatu au zaidi ya kuunganisha, na timu ya TEHAMA yenye angalau watu wawili wanaoijua Java na Linux: Liferay. Huria ikiwa timu ina nguvu, ya kulipia ikiwa mnahitaji mtu wa kumpigia simu saa nane za usiku. Mkiwa na mtu mmoja tu, achaneni nayo kwa sasa. Akiondoka hakuna atakayeigusa.

Kituo cha utafiti, hospitali au ofisi ya mawakili ambayo data yake lazima ibaki mikononi mwake, na kazi kubwa ni faili kuliko maombi: Nextcloud, pamoja na nakala tatu za data, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo.

Mliobaki kati ya mbili, msiamue mezani. Chukueni kazi moja, likizo, idara moja ya watu kumi na watano wakiwemo wawili wa tawini, na wiki mbili kwa kila mfumo. Mtu wa kwanza kujaza awe yule asiyependa kompyuta, kwa simu yake, kwa bando lake, bila mtu kusimama nyuma yake. Andikeni mambo matatu: dakika alizotumia, mara alizouliza, na kama ombi lilimfikia bosi bila kusukumwa. Kisha zimeni akaunti ya aliyejenga fomu na mtume ombi jingine.